Bunduki kwa Intisar, Kalibu kwa Zaid

Sogeeni, wanangu, kwa sababu sauti niliyobakiwa nayo haitoshi kuvuka chumba, na neno ninalotaka kulisema halifai kusikiwa nusu. Wewe Zaid, ondoka hapo mlangoni, umesimama kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Na wewe Intisar, geuza uso kutoka dirishani, kwani Mansfield yote ni mapaa na nyasi, hakuna jipya huko nje. Mama yenu Mwatime akae kitini hapa karibu na kichwa changu, yeye ndiye shahidi wa maisha yangu na kumbukumbu yake ni njema kuliko yangu. Nikikosea anisahihishe, wala asingoje kuombwa. Nayasema haya nikiwa na akili timamu, bila kushurutishwa na mtu, na anayetilia shaka akili yangu na aniulize sasa hivi leo ni siku gani, maana kesho huenda nisijibu.

Mali haitanichukua muda. Nyumba hii na vilivyomo, gari, na kilichoko benki, vitagawanywa kwa mirathi kama Mwenyezi Mungu alivyogawa, mama yenu thumuni yake na ninyi kila mmoja fungu lake. Wakili amekwisha kuandika kwa namna ambayo sheria ya Texas haitagombana na ile ya dini, nami nimeyasoma maandishi hayo kwa makini zaidi ya yeye aliyeyaandika. Ninadaiwa funga za Ramadhani mbili ambazo maradhi yalinizuia. Walishwe maskini kwa ajili yake, na walishwe chakula chenyewe, wali na nyama, kipikwe na kipakuliwe, nisitupiwe noti katika kisanduku cha msikiti kisha mkaniambia imekwisha. Na lile jiko dogo la umeme lililoko gereji si letu. Ni la Vital, yule Mkongo wa Haltom City anayefanya kazi na Zaid kwenye karakana ya kupaka rangi rimu za magari. Alituazima kwa ulimi, bila karatasi, na amana ya ulimi ni nzito kuliko ya karatasi, kwa kuwa haina mlinzi isipokuwa haya. Arudishiwe, na aambiwe lisipikiwe chakula kamwe. Yeye anajua, lakini aambiwe.

Hayo ndiyo mepesi. Zito ni hili: tangu Idi ya kuchinja iliyopita ninyi wawili hamjasemezana. Intisar hutoka Stafford, kule karibu na Houston, kila Jumamosi, Zaid huja kutoka Haltom City Jumapili, mnapokezana kwa baba yenu kama wauguzi wa wodi, na mama yenu hubeba salamu zenu kutoka siku moja hadi nyingine mpaka naye amechoka. Leo mmekutana kwa sababu daktari amewapigia simu nyote wawili, wala hamkukutana kwa kutaka.

Tulikuwa kwenye sinia moja siku ile, mikono yetu imo katika pilau, Zaid akasema kwamba wikiendi ijayo atamimina risasi mpya, na wewe, binti yangu, ukatoa mkono wako sahanini na kumwambia, “Wewe na lead yako ndiyo mmemuua Baba. Umemuua, Zaid, na bado unataka kuendelea.” Zaid aliinuka, akaacha chakula, akaondoka hata mkono hajanawa. Basi shitaka lilisomwa, lakini halikusikilizwa wala halikufutwa, na limekaa katika nyumba hii kama mgeni asiyejua kuaga. Mimi ndiye ninayedaiwa kuuawa, nami bado nipo. Ni hakimu gani aliyepata bahati hiyo, kumsikiliza marehemu mwenyewe kabla hajazikwa? Kwa hiyo nisikilizeni.

Kwanza tukubaliane maneno, kwani kesi nyingi hupotea hapo. Katika lugha yetu yale madini mnayoyaita lead ni risasi na kitokacho mtutuni ni risasi. Mimi leo nitayaita yale ya kuyeyuka madini, na kile kinachoruka nitakiita risasi, ili asiwepo wa kujificha baina ya hayo mawili.

Mmeniuliza kwa miaka mingi mtu wa vitabu kama mimi alitafuta nini kwenye bunduki. Nilipokuwa kijana, hakimu mdogo katika mji wa pwani, aliletwa mbele yangu mtaalamu aliyeapa kwamba risasi ile aliyoishika ilitoka katika bunduki ile iliyokuwa mezani. Nikamwuliza umejuaje. Akasema, “Mheshimiwa, mimi ni mtaalamu.” Nikamwuliza tena, kwa upole, umejuaje, naye akanirudishia utaalamu wake badala ya sababu. Mshitakiwa nilimwachia, na hadi hii leo sijui kama nilimwachia mwenye hatia. Wazee walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nimeketi mahakamani, kisha nikaketi miaka mingine katika ofisi ya mawakili Houston nikisoma maelezo ya mashahidi wa watu wengine, na nimeona mengi yaliyosemwa ambayo hayakuwapo na wala hayakuja. Basi tulipohamia huku kaskazini, nikamnunua yule bibi kizee wa chuma, bunduki iliyoachwa na jirani, nilitaka jambo moja tu: nijue kwa mikono yangu mwenyewe risasi huenda wapi, na kwa nini.

Bunduki ile ni kuukuu, ya wakati wa vita vikuu, mtutu wake umelika kwa ndani, na risasi za dukani zilipita humo kama mguu wa mtoto katika kiatu cha baba yake, unakwenda lakini unayumba. Tukipiga, matundu yanatawanyika kwenye karatasi hata sahani ya kulia haiyafuniki. Hapo ndipo Zaid alipoleta ndoo ya vile vipande vya madini vinavyobandikwa kwenye rimu kusawazisha gurudumu, tukaviyeyusha, tukaondoa taka kwa nta, tukamimina katika kalibu risasi zetu wenyewe, nene kidogo kuliko za dukani, za kuujaza ule mtutu. Zikaenda vizuri mwanzoni, kisha zikaharibika, kwa sababu madini laini yalijipaka ndani ya mtutu kama ukoko wa sufuria, na kila tulipozidi kupiga ndivyo shabaha ilivyozidi kupotea.

Vital ndiye aliyeleta habari ya rangi. Mnamkumbuka alivyoingia siku ile, amekumbatia kopo la unga wa buluu kama mtoto mchanga. “Papa,” akaniambia, “hii rangi tunawekaka kwa ma-rimu, inakamata chuma sawa ngozi. Tutikise ma-risasi ndani, tuoke kwa moto, utaona.” Nikamwuliza atajuaje kwamba haitatoka. Akasema, “Papa, wewe unauliza sana. Rangi haina avocat,” yaani haina wakili. Mama yenu alicheka mpaka akakaa chini, lakini kicheko kilikatika aliposikia neno kuoka. “Katika jiko langu la mkate wa sinia?” akasema. “Mselem, chagua. Mkate au vita.” Ndipo Vital alipotuazima jiko lake, likawekwa gereji, na tangu siku hiyo halijapata kuingia jikoni wala chombo cha jikoni hakijaingia gereji. Hilo liwekeni akilini, nitalihitaji mbele.

Tukatikisa, tukaoka, zikatoka risasi za buluu zinazong'aa kama peremende. Tukazipitisha kwenye kile chuma chenye tundu la kusawazishia ili zote ziwe na unene mmoja, nikazijaza mimi mwenyewe kwenye maganda yenye baruti, tukaenda uwanja wa shabaha. Vital alibaki ndani ya gari, vioo amevipandisha, redio inaimba. Yeye hajapata kugusa bunduki ile hata siku moja. Aliwahi kuniambia, “Bunduki niliona ya kutosha kwetu, Papa. Mimi napaka rangi tu.” Lakini tulipomaliza kupiga na bendera ya hatari kushushwa, alitoka mbio kwenda kwenye karatasi kutushinda sote, akapaza sauti, “Njoo! Njoo muangalie! Matundu yamelala pamoja sawa watoto wa kuku!” Na kweli yalikuwa yamelala pamoja. Kikombe cha chai kiliyafunika. Zaid akanikumbatia: “Baba, ni paint! I told you, ni paint!”

Mwamba ngoma huvutia kwake. Mmoja alikuwa na rangi, mwingine alikuwa na rafiki mwenye rangi, na mimi nilikuwa na kitu kimoja tu kilichonikera, nacho ni mchele. Wiki iliyotangulia tuliiegemeza bunduki juu ya koti langu lililokunjwa. Siku ile koti lilisahauliwa nyumbani, na katika buti mlikuwamo mfuko wa mchele wa basmati ambao mama yenu alikuwa ametutuma Arlington, basi Zaid akauchukua, akaulaza mezani, akaiegemeza bunduki juu yake. Mchele umeshikana, haunesi kama koti. Nikawaambia, jamani, mmemsifu shahidi mmoja na wa pili hamjamwita. “Baba, ni mchele tu!” akasema Zaid. Vital akakasirika kabisa: “Papa, unataka kunyang'anya rangi yangu unapatia wali?”

Nikawapa sharti ambalo ndilo elimu yangu yote niliyoipata katika sheria, na mkisahau mengine yote msilisahau hili: badilisha kitu kimoja, vingine viache kama vilivyo, kisha tazama. Tulipiga zisizo na rangi juu ya mchele, na sahani ikapungua bila rangi yoyote kuhusika. Tukapiga zenye rangi lakini tukiwa tumezibana hata zikawa nyembamba, na hazikuzishinda za mwanzo kwa jambo la maana. Tukapiga zenye rangi zikiwa na unene wa mtutu wetu, juu ya mchele uleule, na hapo, wanangu, ndipo kikombe cha chai kilipogeuka kikombe cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono; tena mtutu ukabaki safi, tukapiga asubuhi nzima na ya mwisho ikaenda ilikokwenda ya kwanza. Basi hukumu yangu ilikuwa hivi. Rangi ina haki yake, imeulinda mtutu usichafuke na imeiongezea risasi ule unene ilioukosa. Lakini unene ungeweza kupatikana hata bila rangi, na mchele ulikuwa na fungu lake tangu mwanzo, ila haukuwa na wa kuusemea. Zaid alinuna siku mbili. Vital alisema hukumu yangu ni ya kuonea weusi, kwa kuwa mchele ni mweupe. Lakini wote wawili hawakurudia tena kusema ni rangi peke yake.

Nimesema kikombe cha kahawa, na karatasi bora kuliko zote haikupigwa na mimi wala Zaid. Mwaka ule kimbunga kilipowatoa watu Houston, barabara ya 45 ikawa gari juu ya gari, Intisar alifika hapa alfajiri amechoka, hana hata nguo ya kubadili. Siku ya tatu nikamwambia twende uwanjani utoe hofu. Akasema hapendi bunduki. Nikamwambia mimi pia siipendi, naihoji. Akaketi, akaweka shavu, nami nikamwambia avute pumzi, atoe nusu, ile nusu iliyobaki aizuie, kisha avute kidole taratibu kama anayetafuta mshipa wa mgonjwa. Mkono wa muuguzi uliozoea kutafuta mishipa ya wazee hautikisiki. Matundu yote yalikaa ndani ya kikombe cha kahawa na nafasi ikabaki. Mnakumbuka aliyepiga kelele kuliko wote? Zaid. Alikuinua juu, Intisar, hata ukampiga kofi la bega: “Niweke chini, mjinga wewe, watu wanatazama!” Risasi ile Zaid ndiye aliyeimimina, Vital akaipaka, mimi nikaijaza, wewe ukaipiga. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nani kati yetu angesema ni yangu peke yangu?

Nipeni maji. Kidogo tu. Asante, Mama Zaid.

Sasa nasikiliza kesi ya mauaji yangu, na nitaanza na upande wa mlalamikaji kama sheria inavyotaka. Intisar, hoja yako haikuwa ya upuuzi, na anayekuita mwenye hasira tu hakukusikiliza. Ulituona tukitoka gereji, mimi na Zaid na Vital, tukaketi kwenye sinia tukala kwa mikono. Ukauliza, “Mmenawa?” Nikakujibu kwa kujiamini kwamba tumetoka kuswali alasiri, kwa hiyo tumetia udhu. Ukanitazama, ukasema, “Udhu si sabuni, Baba.” Katika miaka yote niliyoketi kusikiliza mawakili, ni mara chache nimesikia hoja fupi iliyofunga mlango namna ile. Udhu humtoharisha mja mbele ya Mola wake. Haukuwahi kuahidi kuondoa vumbi la madini kwenye kucha. Ukanipeleka kupimwa damu, na kipimo cha madini kikawa juu kidogo kuliko apendavyo daktari. Hayo yamethibitika, nami nayaandika kwa upande wako. Ukasema pia kwamba damu haisemi yote, kwamba madini hukaa mifupani ambako sindano haifiki. Hilo nalo ni kweli, na silifuti.

Upande wa pili. Sabuni ikawekwa penye bomba la gereji siku ileile, na aliyeiweka ni Zaid. Kipimo kilichofuata kikashuka, na kilichofuata hicho kikashuka zaidi, lakini figo zangu, ambazo ndizo maradhi yangu, hazikupanda. Ziliendelea kuteremka mwendo uleule kama hazikuwa na habari. Mlango wa gereji Zaid aliuinua kila siku ya kuyeyusha, hata ile siku ya barafu, mpaka jirani akaja kuuliza tunapika nini chenye kunuka nta. Jiko la kuokea halikukutana na chakula, kama nilivyosema. Na kabla ya kalibu ya kwanza kununuliwa, kabla hatujaijua hata njia ya Mansfield, daktari wa Houston alikwisha kuniambia shinikizo la damu yangu linazila figo polepole. Mama yenu alikuwapo, na tangu siku hiyo chumvi ya nyumba hii ikawa yeye ndiye mwenye ufunguo wake. Bibi yenu mzaa baba aliondoka kwa maradhi hayohayo, na yeye hakuwahi kuyeyusha kitu ila samli.

Basi semeni ninyi, ni kipi kilichoniua? Damu ya mama yangu ina fungu. Chumvi ya ujana wangu ina fungu. Miaka ina fungu. Na madini, Zaid, huenda nayo yana fungu, usilitikisie kichwa, maana sikukuambia kwamba hayana; nilichokuambia ni kwamba hakuna anayeweza kulipima, kwa kuwa mimi si karatasi ya shabaha na siwezi kurudishwa mwanzo nikaishi tena nikibadilisha kitu kimoja. Intisar, ulimtafuta mmoja kwa sababu majonzi hayajui kubeba wengi, yanataka shingo moja ya kushika. Ulimshika aliyekuwa karibu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Na wewe Zaid, ulijiona umehukumiwa kwa sababu moyoni ulikwisha kujihukumu. Mtu asiye na shaka angebaki akala pilau yake akabishana. Hukumu yangu ni kwamba shitaka la mauaji halikuthibitika, na kwamba sabuni ilithibitika. Mlalamikaji alikuwa sahihi juu ya mikono, akakosea juu ya mtu.

Lakini najua hukumu haipatanishi watu. Nimeachia washitakiwa wengi, sikumbuki hata mmoja aliyetoka mahakamani akakumbatiwa na mlalamikaji. Kwa hiyo nimefanya jambo jingine, na hili ndilo wosia wangu hasa.

Mtume wetu alifundisha kwamba hapana wosia kwa mrithi. Aliyekwisha kupewa fungu na Mungu hapewi jingine na marehemu, ili watoto wasipendelewe. Wanavyuoni wetu wakaongeza mlango mmoja tu: ila warithi wenzake wakiridhia. Nami nauingia mlango huo kwa makusudi. Bunduki namuusia Intisar. Kalibu, chungu cha kuyeyushia, tundu la kusawazishia na makopo ya rangi namuusia Zaid. Naona mmeshtuka nyote wawili, vizuri. Intisar, utasema hupendi bunduki. Mkono wako umekwisha kutoa ushahidi kinyume chako. Zaid, utasema bunduki bila risasi ni nzito kwa dada yako, na risasi bila bunduki ni mzigo kwako. Ndivyo. Mtutu ule haukubali risasi ya dukani, ninyi mnajua. Unakubali ya mkono wa Zaid tu.

Wosia huo ni batili kuanzia sasa, na utabaki batili, mpaka Zaid amwambie Intisar kwa kinywa chake, “Nimeridhia uichukue,” na Intisar amwambie Zaid vivyo hivyo, na mama yenu aridhie kwa wote wawili. Usitikise kichwa, Zaid, wala wewe Intisar usifumbe macho kama uliyekwisha kukubali. Ridhaa inayotolewa mimi nikiwa hai haina nguvu, kwani mtu haridhii juu ya haki ambayo bado haijamfikia. Siwataki mnidanganye leo kwa huruma ya kitanda. Ni baada yangu. Ikisha hitima, watu wakisha kuondoka na viatu vikapungua mlangoni, mkae kwenye sinia moja, mkiwa mmenawa kwa sabuni, na mseme. Hakuna simu, hakuna kumtuma mama yenu. Utarishi wake naufuta leo. Yeye amekwisha kucheka, namsikia, lakini kicheko si ridhaa, Mwatime, nawe utaulizwa kama wenzako.

Na msiporidhia, sitawalaani. Bunduki irudi katika mirathi, iuzwe kwa mwenye leseni, kalibu ipewe Vital aegemezee mlango, na kila mmoja achukue fungu lake aende Stafford na Haltom City, njia zipo. Mpaka siku hiyo bunduki ikae ndani ya kabati la chuma, na ufunguo awe nao mama yenu, pamoja na ule wa chumvi. Ndugu wakigombana, wazee walisema, chukua jembe ukalime. Mimi siwezi tena kushika jembe, ndiyo maana nawasihi mpatane.

Msizike maneno haya pamoja nami. Mkisikia mtu amesema fulani ndiye sababu, ulizeni umejuaje. Ulizeni kwa upole. Mkiambiwa rangi, utafuteni mchele. Na mkikosa jibu, basi mnyonge mwenye kushitakiwa apewe faida ya shaka ile, hata kama... hata kama ni ndugu yenu. Hasa huyo.

Subirini.

Nimechoka. Nigeuzeni kibla. Hapana, si mmoja. Zaid, pita bega hili. Intisar, lile. Ingizeni mikono chini ya mgongo, msiogope, mimi si mzito tena. Pamoja. Ndivyo. Mikono yenu imegusana huko chini, nimeihisi. Iacheni hapo.

Mola awape macho ya kuona mbali na ulimi usiotangulia macho. Awape riziki isiyo na haramu, watoto watakaowahoji kama mlivyonihoji. Ampe mama yenu subira, na awatie kheri katika mikono, wote wawili, yenye kumimina na yenye kutibu. Mwatime... mkate ulishinda. Nilichagua mkate.

Zaid, hesabu yako na Vital, lile jiko, usisahau.

Nikinyamaza nitamkisheni shahada, polepole, nitawafuata. Msilie kwa haraka. Mnakumbuka nilivyowafundisha pale mezani. Vuta pumzi. Toa nusu. Ile iliyobaki izuie, na mkono usitikisike...

Nusu nimekwisha kuitoa.